Giza la Kioo

Giza ni la namna mbili: lipo giza la mauti na lipo giza la kutoelewana. Mtu asiyetenganisha la kwanza na la pili huweza kumzika aliye hai. Watu wana desturi hiyo, na vyombo vyao navyo havikusalimika.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alikuwa na kompyuta ya mapajani ambayo diski yake iliharibika. Akatia diski mpya, tupu, akaazimu kusimika Linux, mfumo ambao Linus Torvalds alianza kuutunga Helsinki mwaka 1991, na ambao kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Alipochomeka flashi, orodha ya kuchagulia ilitokea. Alipochagua, kioo kilikuwa cheusi kama chungu. Fundi mmoja alimwambia kwamba kioo kimekufa, anunue kingine. Bei ilizidi posho yake ya miezi miwili, na tasnifu yake ilidaiwa baada ya wiki tatu.

Nilimwuliza, "Orodha uliiona kwa macho yako?"

Akajibu, "Niliiona, mjomba, tena kwa rangi zake."

"Basi kioo ki hai. Kilichoonyesha orodha sasa hivi hakifi kwa kubonyezwa kitufe."

Maana, mwanzoni kompyuta huonyesha picha kwa njia nyepesi ambayo takriban kila kioo huiweza. Baadaye kiini cha Linux hushika usukani, hubadili kipimo cha picha, na husema na kadi ya picha kwa kinywa cha draiva. Draiva isipoifahamu kadi ile, mazungumzo hukatika. Kioo hunyamaza, na kompyuta huendelea na kazi yake gizani.

Tulirudi kwenye orodha, tukabonyeza herufi e, tukautafuta mstari unaoanza kwa neno linux, tukaongeza mwishoni mwake nomodeset, kisha tukabonyeza F10. Neno hilo hukikataza kiini kubadili kipimo cha picha. Dirisha likatokea, maandishi yake manene, mwangaza wake haupunguziki. Mpwa wangu alitaka kuridhika na hali hiyo. Nikamwambia kwamba mkongojo humsaidia kiwete kutembea, lakini haumponyi mguu. Kwa mkongojo huo tulimaliza kusimika, tukaleta draiva iliyoifaa kadi, tukawasha upya bila ya neno lile. Kioo kikang'aa sawasawa. Herufi tisa zilitimiza kazi iliyotakiwa fedha ya miezi miwili.

Fundi yule hakuwa mwovu. Alihukumu kwa weusi aliouona, asiulize juu ya nuru iliyoutangulia. Mfumo ulio wazi huugua kama mifumo mingine, lakini hukubali kuulizwa, na mwenye subira hujibiwa. Kabla ya kutamka kwamba kitu kimekufa, yafaa kujua kilionekana hai wapi mara ya mwisho, na ni jambo gani lililobadilika baada ya hapo.