Maleba na Vikaragosi vya Plastiki

Mtahiniwa, bila shaka umeshakariri kwamba maleba ni mavazi anayovaa mwigizaji ili kuendana na uhusika wake. Maana hiyo ni sahihi, lakini haikai kichwani mpaka uyashike maleba kwa mikono yako. Kwa miaka kadhaa nimesimamia kikundi cha maigizo cha wanafunzi, na fedha za mavazi huwa hazipo. Kinachotusaidia ni plastiki: karatasi za nailoni, viroba vya unga na maturubai makuukuu.

Kila nyenzo ina tabia yake. Kiroba kimefumwa kwa nyuzi bapa za plastiki, hivyo kikikunjwa husimama. Kinafaa kwa mabega mapana ya mfalme. Nailoni nyembamba hupepea na kuchakarika. Mzimu akiivaa, watazamaji humsikia kabla hawajamwona. Turubai ni zito, linafaa kwa ngozi ya mamba. Basi kabla ya kushika mkasi jiulize: mhusika huyu ni mzito au mwepesi? Hutembea kimya au kwa kishindo? Majibu yako ndiyo yatakayochagua nyenzo.

Kwa vikaragosi, neno lenyewe lina somo. Karagosi limetokana na Karagöz, mhusika wa mchezo wa vivuli wa Uturuki, sanaa iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2009. Vikaragosi vyake hukatwa kwenye ngozi ya ngamia au ng'ombe iliyotengenezwa hadi ikapitisha mwanga, kisha hupakwa rangi. Sisi hutumia jalada la faili la plastiki linaloonyesha upande wa pili. Kata kichwa, kiwiliwili na mikono. Paka rangi kwa kalamu ya wino usiofutika. Unganisha viungo kwa uzi wenye mafundo. Kisha funga kijiti cha kushikia. Tandika shuka jeupe, weka tochi nyuma, na rangi zitaonekana kwenye shuka.

Usitegemee gundi. Gundi nyingi za kawaida hubanduka kwenye nailoni zikikauka. Tumia utepe wa gundi au shona kwa mishono mirefu, kwani matundu yakikaribiana sana plastiki huchanika kwa kufuata mstari wa sindano.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Plastiki haipitishi hewa wala jasho, na mwili hujipoza kwa jasho kukauka. Mwigizaji anayecheza ngoma akiwa ndani ya nailoni anaweza kuzidiwa na joto. Avae nguo ya pamba ndani, makwapa na mgongo viachwe wazi, na pua na mdomo visifunikwe kamwe. Tena nailoni nyingi huyeyuka kwenye nyuzi joto zisizofika 140 za Selsiasi, na ikishika moto hudondosha matone yanayoganda kwenye ngozi. Jioni moja nilizuia onyesho lisianze hadi vibatari vyote viondolewe jukwaani. Wanafunzi walinung'unika kwamba mandhari ya usiku yameharibika. Tuliwasha tochi, tukaendelea, na kila mtoto alirudi kwao salama.

Usiende kutafuta mifuko ya kubebea bidhaa: Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Tumia plastiki ambayo tayari ipo, na baada ya onyesho ioshe na kuihifadhi. Usiichome, moshi wake una sumu.

Ukiulizwa dhima ya maleba, usiorodheshe tu. Taja hoja, kisha itolee mfano: mabega ya kiroba yanatambulisha cheo cha mfalme, mchakato wa nailoni unajenga hofu, ngozi ya turubai inampa mwigizaji mwendo wa mamba. Hoja yenye mfano huonyesha kwamba umeelewa, si kwamba umekariri.

Jipime
1. Eleza dhima tatu za maleba kwa mifano.
2. Chagua mhusika mmoja wa tamthiliya uliyosoma. Utamtengenezea maleba kwa nyenzo gani, na kwa nini?
3. Taja hatari mbili za maleba ya plastiki na namna ya kuziepuka.