Mji Ulioyeyuka na Mvua

Hivi mji ni kitu gani? Mwulize kijana wa Dar, atakutajia ghorofa, taa na foleni. Tuulize sisi wa Kasulu na Kibondo, wengi tutakunyooshea kidole kuelekea reli: mji ni Kigoma, mji ni Tabora. Kwetu ni migomba, maharage na ukungu wa asubuhi. Mwalimu mmoja wa historia alitwambia darasani, tena bila haya, kwamba nyanda zetu za juu hazikuwa na lolote la kuandikwa mpaka wazungu walipopita. Tukanakili, maana ndiyo yaliyokuwa yakitahiniwa.

Ndugu msomaji, mimi nabisha. Nabisha kwa chumvi.

Anza na mto. Malagarasi unazaliwa huku kwetu, kwenye milima ya mpakani na Burundi. Ungedhani utateremka moja kwa moja hadi Ziwa Tanganyika, ambalo liko pale tu magharibi. Wapi! Unaambaa na mpaka kuelekea kaskazini-mashariki, unakata kusini kupitia upande wa Kibondo, unajipoteza kwenye vinamasi vya Moyowosi, halafu ndipo unakumbuka ziwa na kugeukia magharibi. Kama mtu aliyetoka Kasulu kwenda Ujiji akazungukia Tabora. Safari yote ni kilomita zipatazo 475. Wanaochunguza samaki wanasema mto huu umelizidi ziwa kwa umri: baadhi ya samaki wake ni ndugu wa samaki wa mto Kongo, kwa kuwa zamani, bonde la ufa lilipokuwa bado halijafunguka, maji yake yalikwenda huko.

Ruchugi hauna mizunguko hiyo. Unatoka nyanda za Kasulu, unashuka kusini, na unaukuta Malagarasi mahali paitwapo Uvinza. Hapo mito hiyo miwili ya kwetu inapokutana, ardhi inatoa chemchemi za maji ya chumvi. Siyo udongo wenye chumvi wa kuchujwa kwanza, kama ule wa Kibiro kule Uganda. Haya ni maji makali, unayateka, unayaweka chunguni, unayachemsha mpaka chumvi ibaki.

Mwaka 1967 wataalamu wawili, John Sutton na Andrew Roberts, walichimba kwenye chemchemi hizo. Walikuta vigae vya vyungu na mabaki ya mafiga, tabaka juu ya tabaka. Tabaka za chini kabisa zilipimwa umri, zikaonekana ni za karne ya tano au ya sita baada ya Kristo. Hebu simama hapo kidogo. Karne ya tano! Kilwa ya masultani bado haijawaziwa. Na watu wa bara, ambao eti hatukuwa na lolote la kuandikwa, tayari tuna kiwanda.

Kazi ilifanyika kiangazi tu. Masika mto ulifurika na kuzifunika chemchemi, na watu wakatawanyika. Maji yakipungua walirudi kwa maelfu: Wavinza wenyewe, Waha kutoka huku juu, Wanyamwezi, na wengine wa mbali zaidi. Walijenga vibanda, wakakata kuni, wakawasha moto. Walikuja na vyakula na mbuzi wa kubadilishana. Machifu wa Uvinza walitoza ushuru wao na kusimamia nani achemshe wapi. Sasa niambie, penye soko, serikali, kodi, viwanda, wageni wa makabila yote na bila shaka ugomvi wa jioni, pamekosa nini mpaka pasiitwe mji? Pamekosa ukuta tu. Kila mwaka mji huo ulisimama mwezi wa sita, na mvua zilipoanza ukayeyuka, sawasawa na bidhaa yake.

Bibi yangu mzaa mama, wa upande wa Kibondo, alikuwa akisimulia aliyoyasikia kwa baba yake. "Mjukuu wangu," alisema, "umunyu wa Uvinza haukumwagwa hata punje. Mtu akirudi nao, watu walitoka kumpokea kama karudi na mke." (Umunyu ndiyo chumvi kwa Kiha. Fungua kamusi ya Kiswahili, utalikuta neno munyu limekaa kimya humo humo.)

Burton na Speke walivuka Malagarasi mwanzoni mwa Februari 1858, wakielekea Ujiji. Kabla hawajapewa mitumbwi iliwabidi kumalizana na watu wa Mwami Mzogera, chifu wa Uvinza, kwa nguo na shanga, na hawakupunguziwa kirahisi. Kitabuni wamelalamika sana. Mimi ninapoyasoma malalamiko hayo nasikia mji ukidai ushuru wake. Lakini tusijidanganye kwamba kila kitu kilikuwa kitamu: njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo kupelekwa pwani.

Wajerumani walipofika waliikuta chumvi, wakajenga kiwanda chao wakakiita Saline Gottorp. Reli ya kati ikapita hapo na kufika Kigoma mwaka 1914. Chemchemi zikapata mwenyewe mmoja, na yule Mha aliyezoea kushuka na chungu chake akawa kibarua au mnunuzi. Mji wa kiangazi ulikwisha namna hiyo, bila vita, pale mlango ulipowekewa karani. Uvinza ya leo ni mji wa kawaida wa stesheni, na tangu mwaka 2012 ni wilaya.

Nitakupeleka mbali kidogo. China, katika jimbo la Sichuan, kuna mji wa mtoni uitwao Zigong, kando ya mto Fuxi. Nao ulizaliwa na maji ya chumvi yaliyo ardhini. Wenyeji waliyafuata chini kwa kamba za mianzi na patasi za chuma, na mwaka 1835 kisima chao kimoja, Shenhai, kilipita mita 1,000, cha kwanza kufika kina hicho duniani. Gesi iliyotoka visimani ndiyo iliyochemsha chumvi. Mashua ziliishusha mtoni, wafanyabiashara wakatajirika, wakajenga ukumbi wa fahari ambao sasa ni makumbusho ya chumvi. Malagarasi una maporomoko ya Igamba chini ya Uvinza, kwa hiyo chumvi yetu ilitoka vichwani mwa watu. Utajiri uliobebwa kichwani huishia vijijini, katika vibuyu na mahari. Haujengi ukumbi. Mtoto wa Zigong anapelekwa makumbusho na shule yake. Mtoto wa Kasulu ananunua pakiti dukani.

Ningekuwa nabishana na mwalimu peke yake ningeishia hapo. Ila kuna mji mwingine ulioyeyuka, na huu nimeuona. Baada ya mauaji ya Rais Ndadaye mwaka 1993 Warundi waliingia kwetu kwa malaki, na makambi yakaota wilaya nzima. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Warundi wa mwaka 2015 walipoongezeka ikawa miongoni mwa makambi makubwa kabisa duniani. Mtabila, humu humu Kasulu, ilikuwa na vinyozi, makanisa, shule, mafundi baiskeli na soko lililotushinda sisi wenyeji. Mwisho wa mwaka 2012 ikafungwa. Mtendeli, ng'ambo ya Kibondo, ikafuata mwaka 2021.

Najua si kitu kimoja. Uvinza watu walikwenda kwa hiari, Mtabila walifika wakikimbia visu. Lakini watoto walizaliwa pale, wakasoma pale, wakapendana pale, na ukimwuliza mmojawao anatoka mji gani hana jina la kukupa ambalo lipo kwenye ramani. Atakayechimba pale baada ya miaka elfu atakuta nini? Vipande vya ndoo za plastiki, labda, na masizi ya mafiga.

Nina daftari moja la kaunta. Uvinza imekula kurasa kumi na moja. Za Mtabila hazijafika mbili, na waliokuwa wauzaji wa soko lile, hawa wa upande wetu, wengi bado wapo Kasulu. Jumamosi nitaanza na mama mmoja aliyewauzia maharage miaka kumi na miwili. Anasema majina ya wateja wake anayakumbuka yote, na madeni yao pia.