Gari la Kupanda Bududa

Mama hununua kahawa Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kuiuza Mbale. Mvua ikinyesha, udongo huteleza kama sabuni na magari madogo hukwama. Kwa hiyo aliniomba mimi, ninayesoma Jinja, nimtafutie gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, lisilozidi shilingi milioni 20.

Tangu Oktoba 2018, Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15. Kwa fedha zetu, ilibidi kutafuta gari kuukuu lililokwisha kuingia. Nilipata Toyota RAV4 ya mwaka 2002 kwa milioni 17. Injini iliwaka mara moja, na milioni 3 zingebaki za matengenezo.

Kuuliza si ujinga. Fundi niliyekwenda naye alichomoa kijiti cha kupimia oili. Haikuwa imechanganyika na maji. Kisha akalala chini ya gari, akaniita. Hapakuwa na shafti ya kupeleka nguvu nyuma, wala difu ya nyuma. Baadhi ya RAV4 zilitengenezwa hivyo, zinavutwa na magurudumu ya mbele tu.

Kwa mtu wa mjini Jinja, lile lilikuwa gari zuri kwa bei ya haki. Nilimpigia mama simu nikamweleza.

"Mwanangu, sura haipandi mlima," alisema.

Hatukulinunua. Mama bado analipa bodaboda kwa kila gunia, na gharama hiyo inamuuma. Lakini milioni 17 za gari linalokwama Bududa zingemuuma zaidi.