Waya wa Cairo na Kinubi cha Busia

Hapa Busia mpaka wa Kenya na Uganda umepita katikati ya mji, lakini wimbo hauulizwi pasipoti. Iteso wa upande wetu na ndugu zao wa Tororo hualikana katika harusi na matanga. Siku hizi katika shughuli hizo husikika zaidi muziki uliotungwa kwa kompyuta, na wazee hunung'unika kwamba mashine imemuua mpiga kinubi. Sisi nasi tuliwaunga mkono, hadi tulipojifunza jinsi kazi hiyo ilivyoanza.

Mwaka 1944, miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kutangaza kazi zake mjini Paris, Mmisri Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio cha Cairo mashine iliyonasa sauti katika waya wa chuma. Akaenda nayo kwenye zar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo. Kisha akazipitisha sauti zile katika chumba cha mwangwi, akaziondoa zile za msingi, hata ikabaki mivumo yao tu. Kompyuta ilikuja baadaye: mwaka 1957 programu ya Mmarekani Max Mathews iliiwezesha kupiga muziki wa sekunde 17. El-Dabh alifariki mwaka 2017, naye urithi aliotuachia ni huu: kabla ya kutunga, alikwenda kusikiliza.

Je, sisi tulisikiliza? Mwaka 2004, tukiwa walimu wapya, mzee mmoja alitupigia adeudeu, kinubi cha Iteso, jioni nzima, nasi tukamnasa katika kaseti. Alipomaliza alitwambia, "Mwalimu, itunze hiyo. Wanangu hawakujifunza." Muhula uliofuata tulikosa kaseti ya zoezi la imla, tukaichukua ile, tukanasa imla juu yake. Kabla ya mwaka kwisha mzee akaaga dunia. Kaseti tunayo hadi leo. Tukiipiga twasikia sauti yetu wenyewe ikisema: "Nukta. Aya mpya."

Basi tusiilaumu mashine. Mashine ilimhifadhi mzee. Mkono wetu ndio uliomfuta. Walimu wenzetu, leo kinasa sauti kimo ndani ya simu zetu. Wapiga adeudeu waliosalia wangali hai. Twendeni kwao kabla hatujachelewa tena.