Dada Yangu Juliana

Kabla halijawa jina la ugonjwa, Juliana lilikuwa jina la kitambaa. Na kabla ya kitambaa, lilikuwa jina la dada yangu, aliyebatizwa mwaka 1971.

Miaka ile baada ya vita vya Kagera, nguo Bukoba ilitafutwa kwa tochi. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Vijana wakajitosa kwenye magendo, wengine kwa mtumbwi hadi Kasensero, wengine kwa njia za panya za Mutukula. Walivusha kahawa, wakarudi na redio, sabuni na vitambaa. Kitambaa kimoja kilichotoka Uganda kilivuma kwa jina la Juliana. Ukiwa na shati la Juliana, msichana hakukuuliza unafanya kazi gani.

Dada naye alikitaka. Nani asingetaka kuvaa jina lake? Mama akakataa: “Juliana mmoja humu ndani ananitosha.” Fundi cherehani akamhurumia, akampa kipande cha mabaki, upana wa kiganja. Akakifanya alama ya kitabu cha sala.

Halafu wale wale vijana wa magendo wakaanza kukonda. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ugonjwa huo nchini walitambuliwa mkoani kwetu, lakini kijijini habari za hospitali zilifika zimechoka. Tulilojua ni kwamba wenye pesa na mashati mazuri ndio waliokuwa wanaharisha na kupukutika. Ikasemwa kuna Waganda waliodhulumiwa biashara, nao wameroga. Waganda, nasikia, nao walisema hivyo hivyo juu yetu. Ugonjwa ukaitwa Juliana. Mwaka huo huo serikali ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi, kwa hiyo ukionekana na kile kitambaa ulikuwa na hofu mbili kwa mpigo.

Wanaume kwenye pombe ya rubisi hawakuacha jina likae bure. “Fulani kaoa Juliana.” “Juliana hana talaka, waitu.” Mtu akikataa kuchangia mrija wa pombe, anaambiwa anamwogopa shemeji. Walicheka sana, na naweza kuapa kwamba nusu ya waliocheka walikuwa wanajipapasa mbavu kuona kama zimeanza kuhesabika.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Dada alikuwa darasa la sita, mimi la tatu, na chumba chetu kilitenganishwa na chao kwa ukuta usiofika juu. Kila asubuhi nilisikia mwalimu akiita mahudhurio. “Juliana!” Kabla hajajibu, wavulana wa nyuma walikohoa. Kikohozi kirefu, cha pamoja, kama kwaya. Nasi upande wa pili tukaangua kicheko. Nilicheka na mimi. Siku moja nilikohoa.

Aliporudi nyumbani alichukua kalamu, akakata jina lake kwenye madaftari yote, moja moja, akaandika jina la Kihaya, Koku. Hakunisemesha kwa wiki nzima.

Kisha mjomba akaugua. Ndiye aliyekuwa akituletea sabuni. Alipolala kitandani kwetu miezi minne, godoro likawa haliachi alama yake tena, mzaha uliisha nyumbani, na jina nalo likaisha. Mama hakumwita tena dada Juliana. Alimwita “wewe mtoto”. Msibani watu walipouliza marehemu alikuwa na nini, mama alijibu, “Homa.” Ile nyingine angeitamkaje, na binti yake amesimama pale na sinia la chai?

Jina la UKIMWI lilipokuja, nadhani dada yangu ndiye mtu pekee mkoa mzima aliyelipokea kwa furaha. Mizaha haikuisha, ilihama tu. Mijini wakasema herufi za AIDS maana yake ni Acha Iniue Dogodogo Siachi, wengine wakasema fulani kakanyaga miwaya. Angalau miwaya haiitwi mahudhurio.

Ilimchukua dada miaka mingi kurudia jina lake, na hakuwahi kueleza kwa nini alirudi. Mwaka 2019 mjukuu wake wa kwanza wa kike alibatizwa, akapewa jina la bibi. Padri alipolitamka, mzee mmoja benchi la nyuma akakohoa. Dada akageuka taratibu, akamwangalia. Nami nikageuka.

Alikuwa na mafua kweli.