Mkono Unaofua na Ngozi Inayovaa

Wifi yangu wa Pangani haagizi viatu wala simu. Anaagiza sabuni. Ameona picha za mwanangu, viwiko vimetulia na nyuma ya magoti pamerudi rangi yake, akapiga hesabu: kumbe Uingereza ipo sabuni ya pumu ya ngozi. "Wifi, kwenye mzigo nitilie hata chupa mbili," akaniambia kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake nikisikia maji yakimwagwa. Kule kwake mgonjwa ni yeye mwenyewe. Vidole vimepasuka hadi kukamua limau ni adhabu.

Chupa hizo ningeweza kutuma. Ila sabuni ninayonunua huku nimeichagulia ngozi inayovaa nguo, na yeye anahitaji kuuchagulia mkono unaozifua.

Ninakoishi, Reading, maji yametoka kwenye miamba ya chokaa, na birika halimalizi mwezi bila ukoko mweupe. Sabuni za kufulia dukani zimegawanywa makundi mawili: zenye vimeng'enya na zisizo navyo. Vimeng'enya ni protini zinazolivunja doa la damu, yai au jasho, na mama wa Kiingereza mwenye mtoto wa ngozi nyepesi hushika pakiti isiyo navyo bila hata kusoma. Mgawanyo huu ni mazoea ya Uingereza na Ireland. Ukivuka bahari kwenda Ujerumani, karibu kila unga wa kufulia una vimeng'enya na hakuna anayeshtuka. Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wafanyakazi wa viwanda vya sabuni walipata pumu ya kifua kwa kuvuta vumbi la vimeng'enya, ndipo viwanda vikaanza kuvifungia ndani ya chembe. Mwaka 1983 sabuni ya unga ya Persil ya Uingereza ilipotiwa vimeng'enya, watu walilalamikia vipele mpaka ile ya zamani ikarudishwa dukani. Lakini vipimo vya ngozi vilivyofuata kwa sehemu kubwa havikuona kwamba nguo iliyofuliwa kwa vimeng'enya na kusuuzwa inamdhuru mvaaji.

Mimi naogopa zaidi marashi. Manukato ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio wa ngozi, na ile dawa ya kulainisha nguo ambayo majirani zangu wanaipenda imejaa manukato. Halafu kuna kihifadhi. Sabuni ya maji huoza isipotiwa dawa, na mojawapo ya dawa hizo, methiliaisothiazolinoni, iliwawasha watu wengi kiasi kwamba chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitangaza kizio cha mwaka 2013. Unga mkavu hauna haja nayo. Kwa hiyo nyumbani kwangu ni unga usio na manukato, upimwe kwa kijiko, na mashine iamriwe kusuuza mara ya ziada, maana mashine za siku hizi ni bahili wa maji. Kifaa cha kulainisha maji, ambacho wauzaji hukisifu kwa ukurutu, yaani hiyo pumu ya ngozi, sikukinunua: kilijaribiwa Uingereza kwa watoto 336, matokeo yakatoka 2011, na ngozi zao hazikupona zaidi ya wenzao.

Wifi hataki kusikia kwamba kilichomtuliza mwanangu kwa hakika si sabuni. Ni mafuta mazito yasiyo na harufu, anayopakwa asubuhi na jioni mwili ukiwa bado na unyevu wa kuoga, pamoja na krimu ya steroidi kwa siku alizoagizwa na daktari, vyote bila malipo kwa kuwa ni mtoto. Hata krimu hiyo ilichelewa. Daktari wa kwanza aliutafuta wekundu kwenye ngozi nyeusi, hakuuona, akasema ni ukavu tu. Kwenye ngozi zetu ukurutu hutokea kama rangi ya majivu, kahawia iliyokolea, au vipele vidogovidogo. Ilimbidi Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari London, atoe kitabu cha picha za magonjwa kwenye ngozi nyeusi mwaka 2020, ndipo somo hilo likasikika zaidi.

Sasa twende kwenye karai la wifi. Nyumbani kwangu mashine inafunga mlango na hakuna anayegusa povu. Masalia yanayobaki kwenye shati lililosuuzwa ni kidogo. Pangani mikono ya mtu mmoja inalowa kwenye povu hilohilo saa nzima, shuka za watu sita, sare za shule, kanzu ya Ijumaa. Ngozi inapenda uchachu kidogo, na sabuni ya mche iko upande wa pili kabisa, upande wa magadi. Sabuni ya unga nayo ina visafishio vikali. Kimojawapo cha jamii hiyo, sodiamu laurili salfeti, ndicho watafiti hutumia maabara wanapotaka kuichubua ngozi kwa makusudi. Hutengenezwa kwa mafuta ya nazi au ya mbegu za michikichi. Minazi ya Pangani, kutoka Mkoma hadi Bweni, sijui kama inajua.

Juu ya hayo kuna maji. Bahari hupanda mtoni, visima vingi vina chumvichumvi, na sabuni ya mche kwenye maji magumu haitoi povu, inatoa utando. Basi mtu anaongeza sabuni, anasugua zaidi, na utando unabaki kwenye nguo na kwenye vidole. Hapo ndipo sabuni yangu ya Reading isingemsaidia. Kinachomsaidia ni unga kidogo ulioyeyushwa kabla mikono haijaingia, nguo kulowekwa ili zisuguliwe kwa muda mfupi, na maji ya mvua kutoka batini yakiwekwa akiba kwa kusuuzia. Vimeng'enya asiviogope sana: utafiti uliochapishwa 2004 uliwafuatilia kwa miaka 2 wanawake wa Ufilipino wenye asili ya mzio, waliofua kwa mikono, na hawakupata mzio wa vimeng'enya hivyo. Wataalamu wa Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni, walikuwamo, kwa hiyo nausoma kwa jicho moja limefumba. Hukohuko Ufilipino, 2014, mafuta ya nazi safi yaliwafaa watoto wenye pumu ya ngozi kuliko mafuta ya madini. Wifi anayo jikoni, ya kukamua mwenyewe.

Vingine Pangani inanishinda. Tukija likizo, hewa ya pwani inamlainisha mwanangu ngozi kabla sijafungua kopo, ingawa jasho linamwasha mchana. Reading wakati wa baridi tunaanika nguo sebuleni, kipasha joto kinaikausha hewa, na ngozi inakakamaa pamoja na soksi.

Vidole vya wifi vikianza kutoa usaha nimemwambia asingoje mzigo wowote, aende hospitali ya wilaya, na wakishindwa, hospitali ya mkoa ya Bombo. Kule unakoanzia mto wao, katika hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, kwa hiyo ujuzi wenyewe hauhitaji viza.

Nilichotuma ni glavu, za pamba za kuvaa ndani na za mpira za nje. Akazijaribu, akanirudishia ujumbe: "Wifi mwenzangu, hizi zinanifanya nisiihisi kola kama imetakata." Nikamkumbusha kwamba kaka yangu, mumewe, ana mikono miwili isiyo na pumu ya aina yoyote, na kola zenyewe ni zake. Akacheka mpaka simu ikakatika. Kaka hajajibu.