Rondo: Nyumba ya Mpasua Mbao Chini ya Mzeituni

Wafaransa wana kijihoteli wanachokiita bistro: meza chache, na mgeni hupokewa kama jamaa. Ukitaka kitu kinachokaribia hicho huku kwetu Magharibi, panda matatu ya Kisumu mjini Kakamega, shuka Khayega, kisha ushike njia ya Shinyalu. Ikiwa ni siku ya fahali kupigana, utachelewa tu. Hata mimi nilichelewa, na sijutii. Ukipita Isecheno jua hufifia ghafla: umeingia msituni.

Kilomita chache mbele iko Rondo. Nyumba yake kubwa ya mbao ilijengwa mwaka 1948 kwa ajili ya mzungu mwenye kiwanda cha kupasua mbao. Husimuliwa kwamba mkewe ndiye aliyetaka isimame chini ya mzeituni-mwitu mkubwa kuliko yote ya karibu. Hebu fikiria! Mtu aliyepata riziki kwa kuangusha miti, nyumbani kwake hataki mti uguswe.

Leo ni kituo cha mapumziko cha Kikristo, kwa hivyo bia usiulize. Chakula kiagize mapema. Ukingoja, kaa barazani na chai yako, kwani mezani hutayaona haya: mbega wakirukaruka juu, na hondohondo akipita kwa kishindo cha mbawa kama mtu anayekung'uta mkeka. Humu ndimo kilimobaki kipande cha Kenya cha ile misitu ya mvua ya Kongo na Guinea, nao umehifadhiwa na serikali tangu 1933. Bila msitu huu, nani angekuja kula hapa? Mbao zilizoijenga nyumba zilitoka kwenye miti. Sasa miti iliyosazwa ndiyo inayoilisha.

Wakikuuliza unapenda nini, sema ingokho na obusuma, usione haya.

Nilipotoka niliwapisha akina mama watatu wenye mizigo ya kuni kichwani.

"Mulembe, mama," nikasalimu, nikauliza kama wamewahi kunywa chai mle ndani.

Wakacheka. "Sisi, mwanangu, tunapajua langoni tu," akajibu aliyetangulia, akasogeza ngata yake na kuendelea na safari.